Zabibu moja, wiki nane na siku arobaini na tisa

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni muuguzi, niko Tanga. Mwaka huu nimemaliza mafunzo ya wiki nane ya utulivu wa akili, yale ya kukaa kimya na kufuata pumzi, kwa njia ya mtandao. Wiki ya sita tulikaa kimya siku nzima. Jioni yake nililia bila kujua ninalilia nini, kisha nikahisi kama kuta za chumba zimesogea. Aliyetufundisha akasema hicho ndicho walichokiona Wayahudi wa Kabala, ile elimu ya siri ya dini yao, na masufi, na watawa wote, tofauti ni majina tu. Bibi yangu alikuwa na uradi wake kila alfajiri na hakuwahi kunisimulia habari za kuta. Je, ni kweli kwamba ni kitu kimoja? Na rafiki ameniletea uzi mwekundu wa Kabala kutoka safarini, niuvae?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Bibi yako nitamrudia, maana nadhani alikujibu kabla hujauliza. Ila nianze na zabibu.

Kama mafunzo yenu yalifuata mtaala wa asili, wiki ya kwanza mliambiwa mchukue zabibu kavu moja. Uiweke kiganjani, uitazame kama mtu asiyewahi kuona zabibu, upapase makunyanzi yake, uinuse, uilaze ulimini bila kutafuna, ndipo uiume taratibu uone utamu unavyoenea. Zoezi hilo nami niliwahi kulifanya, katika ukumbi wa hoteli moja, watu thelathini na kitu tumekaa kwenye mikeka. Jirani yangu alishaimeza yake kabla mkufunzi hajamaliza kusema "tazama", akaomba nyingine. Tulicheka. Lakini nakiri kwamba ile yangu ilikuwa tamu kuliko zabibu zote nilizowahi kula, na za Dodoma nimezila nyingi.

Mtaala huo ulipangwa na Jon Kabat-Zinn mwaka 1979, katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts mjini Worcester, Marekani. Aliwakusudia wagonjwa wa maumivu sugu, wale ambao dawa zimefika mwisho na maumivu bado yapo. Mazoezi aliyachota kwa Wabuddha, akayavua kanzu ya dini kwa makusudi ili hospitali iweze kuyapokea. Kwa kuwa yeye mwenyewe amezaliwa katika familia ya Kiyahudi, wapo wanaodhani alichota pia kwenye Kabala. Sivyo.

Sasa ichukue zabibu hiyohiyo, uipeleke Safed, mji mdogo wa mlimani huko Galilaya, mwaka 1571. Mji uko chini ya Waothmani na umejaa Wayahudi ambao wazazi na mababu zao walifukuzwa Hispania mwaka 1492. Mpe mmoja wa wanafunzi wa Isaac Luria, mwalimu mkubwa wa Kabala. Kabla haijafika mdomoni atasema kwa sauti: "Umebarikiwa wewe, Bwana, Mungu wetu, Mfalme wa ulimwengu, uumbaye tunda la mti." Hadi hapo ni Myahudi wa kawaida, maana baraka hiyo kila mmoja wao anaisema. Kinachofuata moyoni mwake ndicho Kabala.

Luria aliwafundisha hivi. Kabla ya kuwapo chochote alikuwapo Asiye na Mwisho, na hapakuwa na nafasi ya kitu kingine. Akajikunja, akajivuta nyuma, ili ulimwengu upate mahali pa kukaa. Akamimina nuru ndani ya vyombo, vyombo vikashindwa kuihimili, vikapasuka. Cheche za nuru hiyo zikaanguka kila mahali, zikafunikwa na maganda: katika mawe, wanyama, maneno, na ndiyo, hata katika zabibu. Mtu anapokula kwa baraka na kwa nia, cheche iliyofungwa humo inaachiwa na kupanda kurudi kwao. Kazi hiyo wanaiita tikkun, yaani kutengeneza kilichoharibika. Luria alifika Safed mwaka 1570 na kufa kwa tauni mwaka 1572, akiwa na miaka 38. Mwenyewe karibu hakuandika kitu. Mengi tunayoyajua tunayajua kwa mkono wa mwanafunzi wake, Hayyim Vital.

Umeona tofauti ilipokaa? Kwenye ukumbi wa hoteli, zabibu ilikuja kunifundisha mimi. Safed, mlaji ndiye aliyekuja kuikomboa zabibu. Kwa hiyo swali langu kwa mkufunzi wako halihusu walichokihisi. Ningemuuliza: katika zoezi hili, anayetengenezwa ni nani? Kwenye mafunzo yenu ni wewe: usingizi wako, presha yako, namna unavyowajibu wagonjwa saa tisa za usiku. Kwa mtu wa Kabala kinachotengenezwa ni ulimwengu, na wengine walithubutu kusema ni nyumba ya Mungu mwenyewe, ambayo imegawanyika na mwenye nyumba anamhitaji mwanadamu aiunganishe. Mpaka leo kuna vitabu vya sala vya Kiyahudi vyenye sentensi ya kutamka kabla ya kutimiza amri: kwamba jambo hili nalifanya ili kumuunganisha Mtakatifu, abarikiwe, na Shekina yake. Wapo marabi walioichukia sentensi hiyo. Ezekiel Landau wa Praha, katika karne ya 18, aliipiga vita waziwazi.

Hilo neno Shekina lisikupite. Shina lake la Kiebrania ni lilelile lililotupa sisi "maskani" kupitia Kiarabu: ni kule Mungu kukaa kati ya watu. Na Kabala yenyewe ni ndugu wa "kukubali". Maana yake ni kupokea. Mtu hupokea kutoka kwa mtu, aliyepokea kutoka kwa mtu mwingine. Hakuna anayeigundua Kabala peke yake chumbani. Mafunzo ya kisasa nayo yana walimu, lakini mwalimu wenu, kama ni mzuri, kila wakati anakurudisha kwako: wewe umeona nini, mwili wako unasema nini? Shahidi ni wewe. Kwa mtu wa Kabala shahidi ni maandiko na wale waliokutangulia, na wewe ni mwanafunzi hata ukiwa na mvi.

Nikuonyeshe kwa karibu zaidi, kwa sababu wao pia wana kitu kinachofanana na wiki zenu nane. Kuanzia usiku wa pili wa Pasaka hadi sikukuu ya Shavuoti, Wayahudi huhesabu siku 49, kila usiku, kwa sauti: "Leo ni siku ya 33, yaani wiki nne na siku tano." Amri yenyewe ni ya zamani, imo katika Torati. Watu wa Kabala waliweka juu yake ngazi yao. Kati ya sefiroti kumi, yaani njia ambazo Mungu aliyefichika hujidhihirisha kwazo, walichukua saba za chini: fadhili, ukali, uzuri, ushindi, utukufu, msingi, ufalme. Kila wiki ikapewa moja, na ndani ya wiki kila siku nayo moja. Siku ya kwanza ni fadhili ndani ya fadhili. Siku ya pili ni ukali ndani ya fadhili, na wewe muuguzi huhitaji kuelezwa hiyo ni nini: ni kumwambia mgonjwa unayempenda kwamba maji hatapewa mpaka baada ya upasuaji.

Sasa, ukisahau kuhesabu usiku, na kesho yake mchana kutwa usikumbuke? Katika mafunzo yenu ukikosa siku unaambiwa usijilaumu, rudi kwenye pumzi. Hapa utaratibu uliozoeleka ni kwamba unaendelea kuhesabu hadi mwisho, lakini kile kibali cha kusema baraka kabla ya kuhesabu umekipoteza mwaka huo. Hakuna anayekuadhibu. Ni kwamba hesabu ina uhai wake nje yako, na siku moja imetoboka. Mimi sifuati dini hiyo, ila nikilitafakari jambo hili napata kizunguzungu kidogo.

Mkufunzi wako hakuyatoa maneno yake hewani. Kauli kwamba watawa wote walionja kitu kimoja, wakakiita majina mbalimbali, ilikuwapo kabla yake, lakini mtu aliyeipa nguvu kubwa ni William James, mwanasaikolojia wa Marekani, katika mihadhara aliyoitoa Edinburgh na kuichapisha mwaka 1902. Alisema kiini cha dini ni kile anachokipitia mtu peke yake, na kanisa, ibada na mafundisho ni mambo ya mkono wa pili. Akataja alama nne za tukio la kiroho: halisemeki, linampa mtu yakini ya kujua, halidumu, na linamjia badala ya yeye kulitenda. Zipime na jioni yako ile na kuta zako. Nadhani zitakaa zote nne. Simkejeli James, alikuwa msikilizaji mzuri wa watu. Lakini ukimpokea bila kumhoji, umeshaamua kabla ya kulinganisha: ulichohisi ndiyo zabibu, na Torati, sala na amri ni pakiti tu.

Na kuna kikwazo kingine. Watu wa Kabala kwa sehemu kubwa hawakusimulia walichohisi. Gershom Scholem, aliyeufanya uwanja huu kuwa taaluma ya chuo kikuu huko Yerusalemu, aliliona hilo: Wakristo wana maungamo na tawasifu tele, Wayahudi wana ufafanuzi wa aya. Baadaye Moshe Idel alisisitiza, hasa kuanzia mwaka 1988, kwamba matukio ya ndani na mbinu zake vilikuwa vingi kuliko Scholem alivyodhani. Nakubaliana naye. Hata hivyo kilichoachwa kwenye karatasi ni maelekezo na tafsiri, si "nilihisi hivi, nikalia vile". Anayesema kwa uhakika kwamba walihisi ulichohisi wewe amesoma barua ambayo haikuandikwa.

Walichosimulia ni tahadhari. Talmudi, mkusanyo mkuu wa mafundisho ya marabi, ina kisa cha wanne walioingia Pardesi, neno ambalo asili yake ni ile ya Firdausi. Ben Azzai alitazama akafa. Ben Zoma alitazama akadhurika, na wafasiri wanasema ni akili. Wa tatu, Elisha ben Abuya, akakata mimea, yaani akaiacha imani. Rabi Akiva peke yake aliingia kwa amani akatoka kwa amani. Kabla hawajaingia aliwaonya: mkifika kwenye mawe ya marumaru safi, msiseme "maji, maji". Marumaru inang'aa mpaka unaiona bahari. Anayepiga kelele za maji amedanganywa na jicho lake, na mwongo hasimami mahali pale.

Nilipofika kwenye kuta zako zilizosogea nilimkumbuka Akiva. Sisemi umedanganyika. Nasema kwamba katika mapokeo yale mtu wa kwanza kukusikiliza angekuuliza habari ya kutoka: umerudije, unalala, unakula, uko sawa na watu wa nyumbani? Siku hizi hata watafiti wa mazoezi haya wanakiri kwamba wapo wachache wanaopata hofu kali au kujihisi wametengana na mwili, hasa kwenye kimya kirefu. Kama kilio kile kilikwisha na kukuacha mwepesi, mshukuru Mungu. Kikijirudia na kukunyima usingizi, mwone mtu wa afya ya akili kama ambavyo wewe mwenyewe ungemshauri mgonjwa.

Nisikufiche upande wa pili, maana nimeipamba tofauti hadi imekuwa safi mno. Alikuwapo Abraham Abulafia, mzaliwa wa Zaragoza, Hispania, mwaka 1240. Huyu mbinu zake ungezitambua. Kaa peke yako usiku, mahali asipokusikia mtu. Vaa nyeupe, washa taa nyingi. Chukua kalamu na wino, andika herufi za majina ya Mungu, zigeuze, zichanganye, moja baada ya nyingine, ukizitamka kwa pumzi iliyopimwa na kichwa kikienda na irabu, mpaka moyo upate joto. Anaeleza hatua kwa hatua, kama mtu anayekufundisha kupika pilau. Mwaka 1280 alikwenda kuonana na Papa Nicholas III. Kwa maelezo yake mwenyewe, amri ya kumchoma moto ilishatolewa, ila Papa akafa kabla hawajaonana. Akawekwa ndani na Wafransisko siku 28, kisha akaachiwa. Rabi mkubwa wa Barcelona, Shlomo ben Aderet, alimpiga marufuku. Kati ya watu wote wa Kabala huyu ndiye aliye karibu zaidi na kile mkufunzi wako anachokitafuta, na wakubwa wa dini yake walimkataa. Lakini mtazame anachoshika mkononi: herufi. Mafunzo yenu yanawatoa kwenye maneno mwingie kwenye pumzi. Yeye alikwenda kwenye maneno mpaka yakapasuka, kwa sababu aliamini ulimwengu uliumbwa kwa herufi hizo.

Na kuna aliyenigusa kuliko wote: Dov Ber Schneuri, rabi wa Kihasidi, yaani wa lile kundi la Wayahudi lililokazia ibada ya moyo, aliyefariki mwaka 1827. Wahasidi wa baba yake walifundishwa kutafakari ukuu wa Mungu kwa muda mrefu kabla ya sala, wapate msisimko wa moyo. Baada ya miaka kadhaa msisimko ukawa mwingi: watu wanalia, wanapiga makofi, wanagonga kuta. Dov Ber akaketi kuwaandikia namna ya kutofautisha ulio wa kweli na ulio wa bandia. Kipimo chake ni kikali ajabu. Ukijitazama ukiwa umesisimka, ukajisemea "naam, nimesisimka", basi uliyemwona hapo ni wewe. Aliye mbele ya Mungu kweli hana nafasi ya kujiona. Inasimuliwa kwamba yeye mwenyewe alikuwa akisimama kwenye sala saa nyingi bila kutikisika, na akimaliza nguo zimelowa jasho. Rafiki yake wa ujana, Aharon wa Staroselye, hakukubali. Kwake hata msisimko ulio na mchanganyiko ni bora kuliko moyo baridi. Walitengana kwa hilo, kila mmoja na wafuasi wake. Mpaka leo sijui niwe upande wa nani. Ninachojua ni kwamba mafunzo yenu yanafundisha kinyume cha Dov Ber moja kwa moja: jione, tambua hisia, ipe jina, iache ipite. Kwa daktari hiyo ni dawa nzuri. Kwake ingekuwa ndiyo ugonjwa.

Wapo waliojenga daraja. Kalonymus Kalman Shapira, rabi wa Piaseczno karibu na Warszawa, aliyeuawa na Wanazi mwaka 1943, aliwafundisha wanafunzi wake kutuliza akili kwa kutazama mawazo yanavyopita bila kuyakamata, au kutazama mshale wa saa unaosogea kwa shida. Ukisoma hapo tu unasema huyu ni mwenzetu. Soma mstari unaofuata: akili ikishatulia, sasa sema aya, omba kitu kimoja, imani au upendo. Utulivu kwake ni kizingiti. Mtu hakai kizingitini.

Sasa bibi yako. Abraham, mwana wa Maimonides, yule mwanafalsafa mashuhuri wa Kiyahudi, alikuwa kiongozi wa Wayahudi wa Misri hadi alipofariki mwaka 1237. Aliwatazama masufi wa Kairo akaandika, kwa Kiarabu, kwamba hao wamehifadhi desturi za manabii wa kale wa Israeli ambazo Wayahudi wenyewe wamezipoteza. Akawaleta watu wake kwenye kusujudu, kukaa safu wakielekea upande wa ibada, kuosha miguu kabla ya sala. Wayahudi wenzake walimshitaki kwa sultani Mwislamu kwamba anazua mambo. Kwa hiyo uhusiano kati ya njia hizi upo, tena wa kihistoria, lakini ulipita kwenye magoti na miguu, kwenye matendo yanayoonekana. Bibi yako angeelewana na mtu wa Safed haraka kuliko mkufunzi wako anavyodhani, na nadhani wangeelewana hasa kwa lile ambalo hakukusimulia. Alipokuwa akivuta tasbihi alfajiri hakuwa akipima amehisi nini. Alikuwa na deni la uradi, akililipa, kisha akaenda kuwasha moto wa chai. Kama kuta zilisogea, aliona si habari ya kumwambia mjukuu.

Usiache mafunzo yako kwa sababu ya barua hii. Yanakusaidia kazini, na sijaona Kabala ikidai kushusha presha ya mtu. Ila usimwite Luria shahidi wake. Ukitaka kuijua Kabala yenyewe, anza na Torati na alfabeti ya Kiebrania, uvumilie. Utasikia kwamba lazima ufike miaka 40. Hilo lilitiliwa mkazo huko Brody, mji ulio Ukraine ya leo, mwaka 1756, baada ya fadhaa ya Sabbatai Zevi, yule masihi aliyesilimu mbele ya Waothmani mwaka 1666 na kuwaacha maelfu njia panda: Zohar, kitabu kikuu cha Kabala, isisomwe kabla ya miaka 30, na maandiko ya Luria kabla ya 40. Kwa hesabu hiyo Luria asingeruhusiwa kujisoma.

Uzi mwekundu ni hirizi kama hirizi nyingine. Tangu Madonna na wenzake waonekane nao mkononi umekuwa biashara, ingawa desturi ya kuuzungusha kwenye kaburi la Raheli karibu na Bethlehemu ina waumini wake wa kweli. Mkusanyo mmoja wa kale wa marabi unaitwa Tosefta. Humo, kufunga uzi mwekundu kidoleni kumewekwa kwenye orodha ya "njia za Waamori", yaani ushirikina ambao Myahudi hatakiwi kuufuata. Mwambie rafiki yako asante, uweke kwenye droo. Wodini, kwa vyovyote, hawakuruhusu kuvaa kitu mkononi.